Ng'ombe wa Samuye na Mashine Inayofagia

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Kuku ndiyo kwanza wanaingia bandani, na wewe uko kwa majirani unaaga. Nimekaa mlangoni, hapa penye mwanga kidogo, naandika kwa kalamu uliyoniletea. Mwandiko wangu unaujua: ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kama za mtoto, na mstari nikiusahau unapanda kilima. Nivumilie. Haya yote ningeweza kukuambia kwa mdomo, kwa Kisukuma chetu, lakini mdomo umekataa miaka mingi. Kiswahili ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia. Pengine ni afadhali. Kwa lugha ya darasani naona nathubutu kidogo.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kuchagua marafiki, umeshaambiwa na watu. Baba yako mkubwa Shija amekuambia tangu asubuhi mpaka nikakuonea huruma. Mimi sina la kukufundisha kuhusu Norwe. Hata Tabora sijavuka.

Nataka kusema habari ya wale ng'ombe wawili wa Samuye, kwa babu yako. Unawajua. Umewajua tangu ukiwa na miaka kumi, na mimi nimejua kwamba unajua, na tumeishi hivyo hivyo, unakuja likizo unanisalimia shikamoo, naitikia marahaba, tunaongelea mvua.

Kilichonisukuma niandike ni yale mazungumzo ya juzi tulipokuwa tunabangua karanga. Nilikuuliza tu ili tusikae kimya. Nikasema, hivi huko unakokwenda unakwenda kusoma nini hasa, maana watu kisimani wananiuliza na mimi nasema "kompyuta" halafu naishia hapo. Ukacheka. Ukaanza kunieleza polepole, kama unavyomlisha mgonjwa uji.

Nitaandika nilivyoelewa, ukikuta nimekosea ujue ni kichwa changu.

Ulisema mashine ile ina nafasi ya kuweka vitu, kama ghala lenye vyungu vingi. Kila hesabu inayofanya inataka chungu. Zamani za mwanzo, ulisema, yule anayeiandikia mashine kazi ndiye alikuwa anakumbuka mwenyewe: chungu hiki nimemaliza nacho, nakirudisha, hiki bado. Na watu walikosea. Walirudisha chungu ambacho mwingine bado amekishikilia, yule mwingine akija kuchota anakuta kimewekwa kitu kingine kabisa. Au walisahau kurudisha, ghala likajaa vitu visivyo na kazi.

Halafu, ulisema, miaka michache kabla hujazaliwa, Mmarekani mmoja alikuwa anatunga lugha ya kuandikia mashine, wanaiita Lisp. Akaona kwamba kuandika kila mara "rudisha hiki, rudisha kile" kunamchafulia hesabu yake nzuri. Akasema, acha vitu vilale vilipolala. Ghala likijaa, mashine isimame kwanza, ijitafutie yenyewe kipi bado ni cha mtu na kipi ni takataka.

Masanja akadakia kutoka uani, si unamjua mdogo wako: "Dada, na huyo mfagiaji wenu analipwa shilingi ngapi?"

Ukamwambia, "Halipwi, ndiyo maana hukuajiriwa wewe."

Tukacheka wote. Ukatueleza na ile ya siku walipoalika wageni wakubwa waje kuitazama lugha hiyo ikifanya kazi. Katikati ya maonyesho ghala likajaa, mashine ikaacha kila kitu ikaanza kuchapa, mstari baada ya mstari, habari za kufagia kwake. Wageni wakafa kwa kicheko, wakadhani wanafanyiwa mzaha. Nilimwonea huruma yule mtu. Najua kusimama mbele ya watu halafu kitu chako cha ndani kikajitangaza chenyewe.

Hapo ndipo nilipokuuliza, "Sasa itajuaje kipi ni takataka?"

Ukasema, "Inaanzia kwenye vile vichache inavyovijua, Mama, vilivyo mkononi mwake. Kila kimoja inakitia alama. Halafu inauliza, wewe umemshika nani? Inamfuata huyo, inamtia alama naye, inamuuliza, na wewe? Hivyo hivyo mpaka mwisho wa kamba. Ikishamaliza, kile ambacho hakuna aliyekitaja kinafagiliwa."

Uliposema hivyo uliinama ukatafuta karanga iliyodondoka, na hukuniangalia. Sijui kama ulikuwa unanisema. Nikasingizia moshi nikatoka kidogo.

Mwanangu, hivyo ndivyo tulivyofanya alipokufa baba yako.

Ulikuwa mdogo, acha nikueleze jinsi ilivyoanza, kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza mwanzo wake. Nilikuzaa nyumbani kwa babu yako, kijijini Samuye, mwaka uliofuata Uhuru, sijaolewa. Aliyenipa mimba aliondoka na pamba ya watu na hakurudi. Huyo simtaji, hana kazi hapa. Luhende alipokuja kunioa aliniambia, "Yule mtoto naye namtaka." Akapeleka mahari, na juu ya mahari akapeleka ng'ombe wawili majike kwa babu yako, ng'ombe wa kukukomboa wewe. Mtu akishatoa hao, mtoto ni wake, anaitwa kwake, analilia kwake, anarithi kwake. Ulitembea na sisi kutoka Samuye hadi huku Bugarama, na pale miguu ilipokushinda alikubeba mabegani. Unakumbuka? Mimi nakumbuka kwa sababu nilifuata nyuma nikiangalia visigino vyako vikigonga kifua chake.

Lakini wanawake wa ukoo wake hawakuniachia. Wifi yangu Kwandu hasa. Nikipita na mtungi alikuwa anasema kwa sauti ya kutosha, "Yule ng'ombe alikuja na ndama nyuma." Wenzake wanacheka mpaka wanashikana. Nilizaa Masanja, nikazaa mdogo wake, na bado ni ndama, ndama. Baba yako nilimficha maneno hayo. Nilikuwa nakupeleka wewe kuchota maji saa ambazo wao hawapo. Ulidhani nakupa kazi. Nilikuwa nakuficha.

Baba yako homa ikamchukua ndani ya wiki moja. Baada ya mazishi wazee wakakaa kuwafuatilia ng'ombe wake, maana nawe unajua mtu wa kwetu haweki ng'ombe wote katika zizi moja. Amempa huyu awatunze anywe maziwa, na yule naye amempa shemeji yake, wametapakaa nchi nzima. Shija akaongoza. Akaanzia na waliokuwa zizini. Kisha akamuuliza kila aliyeketi pale, "Wa Luhende kwako ni yupi?" Akitaja, anaulizwa, "Na wewe umempa nani?" Anaitwa huyo. Ng'ombe akikosa wa kumtaja, ndiyo basi, amepotea, hata kama yuko hai anakula majani kwenye zizi la mtu. Kazi zote zilisimama. Hatukulima, hatukutwanga, tulikaa tunasikiliza majina ya ng'ombe.

Wengi hawakutajwa. Watu tuliowaamini waliangalia chini. Zizi la baba yako lilikuwa linapungua machoni pangu.

Ndipo Shija akaniuliza mimi. "Mama Masanja, wale wawili wa Samuye. Walikwenda kwa ajili ya mtoto, au wapo kule wanatunzwa tu?"

Alilijua jibu nusu nusu. Mdogo wake Luhende alikuwa mtu wa kimya na mambo ya nyumba yake. Babu yako alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja. Kwa hiyo neno lilikuwa langu peke yangu. Ningesema wa mtoto, wangebaki Samuye, na wewe ungebaki kwetu. Ningesema wanatunzwa, wangerudi na ndama zao.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilifikiria njaa ya wadogo zako. Ndivyo nilivyomwambia hata padri. Si kweli, Minza. Njaa ilikuwepo, lakini siyo iliyoniongoza ulimi. Nilimwona Kwandu ameketi pale na wanawake, ameinua kidevu, anasubiri niseme neno "mtoto" ili acheke kwa ndani. Nikaona aibu. Nikataka, kwa siku moja tu, kuwa mke aliyekuja mikono mitupu kama wake wa wengine, asiye na kitu nyuma.

Nikasema, "Wanatunzwa tu."

Shija akauliza tena, "Wanatunzwa?"

"Wanatunzwa, shemeji."

Na wewe ulikuwa mlangoni na kibuyu cha maji ya kunawisha wazee. Hukumwaga hata tone. Ulikizungusha kwa kila mzee, ukapiga magoti kwa kila mmoja, na ulipofika kwangu ulininawisha na mimi.

Jioni ile ukaniuliza kwa Kisukuma, "Mayu, na mimi nilikuwa natunzwa tu?"

Nikakuambia, "Nenda ukalale."

Hilo ndilo jibu nililokupa. Nimejibu maswali mengi ya watoto maishani mwangu, kwa nini kinyonga anatembea hivi, kwa nini mwezi umekatika, nikatunga majibu marefu na matamu. Wewe nilikupa maneno mawili.

Ng'ombe walirudi. Babu yako aliwatoa bila ugomvi. Alimwambia mjumbe, "Kama mama yake amesema hivyo," akageukia ukutani. Na wewe, kwa kuwa hukuwa na kilichokushika huku, ukafuata njia ile ile kwenda Samuye kwa bibi yako. Watu walisema umekwenda kusoma kwa masista. Na kweli ulisoma. Nikawa nawaambia watu, "Binti yangu anasoma Samuye," kana kwamba nilikupeleka.

Juzi hiyo ulinieleza na habari ya mwingine, aliyeleta njia tofauti ya kufagia. Kila kitu kiwe na hesabu ya wanaokishika. Hesabu ikifika sifuri kinaachiwa papo hapo, mashine haisimami. Nikasema hiyo ni nzuri zaidi. Ukasema ina kasoro moja: vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe na hakuna mwingine anayevishika, mashine itadhani vina watu, haitavigusa, vitakaa hapo milele. Nilikaa nikawafikiria wewe na bibi yako. Jinsi mlivyoshikana miaka ile, yeye mjane tangu babu yako afe, wewe huna kwenu, kila mmoja ndiye hesabu ya mwenzake. Nilikuwa najipumbaza kwamba una mtu. Nilikuwa nasema, yuko na bibi yake, yuko salama. Sikuuliza nani amewashika ninyi wote wawili.

Nilipokuja Samuye kukutembelea mara ile, umeshakuwa darasa la saba, nilikuletea kitenge. Ulinishukuru kama unavyomshukuru mgeni, kwa mikono miwili. Bibi yako akaniambia nje, "Usimpe nguo. Mpe neno." Nikamwambia nitampa. Nikapanda lori nikarudi.

Sasa nije kwenye Norwe, maana ndiyo niliyoielewa kuliko yote, na ndiyo imenitoa kitini.

Ulisema huko Oslo kulikuwa na watu wawili, wewe ukiwa bado mtoto wa kubebwa, waliotaka kuiga mambo ya duniani ndani ya mashine: watu kwenye foleni, meli bandarini, kazi za kiwandani. Wakaona ile njia ya zamani haifai. Ya zamani ilikuwa na orodha hapa na amri pale, bwana mmoja anasimama juu anavisogeza vitu kama kete. Wao wakasema hapana, kila kitu kipewe mwili wake. Meli ijue yenyewe ina shehena gani na itafanya nini ikifika. Mtu wa kwenye foleni abebe habari zake mwenyewe na kazi zake mwenyewe. Wakaiita lugha yao Simula. Na kitu kinaweza kuzaliwa kutoka kitu kingine, kikachukua ya mzazi wake na kuongeza ya kwake. Nikakuuliza, "Kinarithi?" Ukasema, "Kinarithi, Mama, wanatumia neno hilo hilo."

Halafu wengine Marekani, miaka ya baadaye, wakaenda mbali zaidi, wakataka hata watoto waweze kuitumia mashine. Kwao kila kitu ni kitu kamili. Huruhusiwi kukipasua tumbo ukachukua unachotaka. Unakitumia ujumbe, unakiuliza, na chenyewe ndicho kinachojua namna ya kujibu.

Masanja akasema, "Na kikikataa?"

Ukasema, "Kinajibu kwamba sielewi unachoniomba. Hilo nalo ni jibu."

Minza, mimi sikuwahi kukuuliza. Hilo ndilo limeninyima usingizi tangu juzi. Nilikujibia kwa Shija. Nikakujibia kwa padri, nikakujibia kwa majirani. Nilikusogeza kutoka nyumba hii kwenda ile na wewe ulikuwa na akili zako, ulikuwa na jibu lako, umesimama pale na kibuyu. Mtoto wa miaka kumi anajua yeye ni wa nani. Ningegeuza kichwa tu nikasema, "Minza, ng'ombe wale walitolewa kwa ajili ya nini?" ungewaambia wazee wote.

Leo mchana, ulipokuwa umelala, nimekwenda kwa Shija. Nilimkuta anasokota kamba. Nikapiga magoti nikamwambia wale wa Samuye walikuwa wa mtoto.

Hakuinua macho. "Wa mtoto."

"Wa Minza, shemeji."

"Nilikuuliza mbele ya watu."

"Uliniuliza."

"Nikarudia." Akaweka kamba chini. "Unajua ulichonifanya? Mimi ndiye niliyefunga ile hesabu. Nimemfukuza mtoto wa ndugu yangu, na ndugu yangu bado mbichi kaburini. Leo nimemkalisha hapa namfundisha kuvaa sweta kama mjinga, kumbe mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Yule mzee alilia, Minza. Sikutegemea. Nilijiandaa kwa matusi tu.

Akaniambia kwamba kulisema kwake hakutoshi. Lilisemwa mbele ya watu, litaondolewa mbele ya watu. Kesho alfajiri, kabla gari la pamba utakalopanda halijapita, atawaita wale waliobaki wa siku ile, na Kwandu akiwemo. Kwa hiyo ukiamka ukaona watu wamekusanyika zizini usidhani wamekuja kukuaga. Nitasimama niseme. Kisha watachaguliwa mitamba wawili, na Shija mwenyewe atawaswaga hadi Samuye kwa bibi yako.

Masanja amesikia. Unajua anataka kuoa baada ya mavuno, na zizi letu karibu lote limetokana na wale wawili. Amesimama mbele yangu hapa, mavumbi ya duara, shimo lao la dhahabu, bado mwilini, akaniambia, "Mama, mimi nachimba usiku na mchana sijaona hata punje ya dhahabu, wewe unagawa ng'ombe. Si ungesema zamani? Au ungenyamaza mpaka ufe?"

Amesema kweli yote mawili. Nilimwambia hivyo. Akapiga teke ndoo akatoka. Usimchukie. Alikuwa mtoto mdogo tu wakati nasema uongo ule, na leo ndiye anayeulipa. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Lakini kuna jambo moja nimemwomba Shija na amekubali. Nikishamaliza kusema, kabla hawajagusa ng'ombe yeyote, utaulizwa wewe. Utaulizwa kama unataka kuwa mtoto wa nyumba hii. Hatajibu mtu mwingine, na mimi nitafunga mdomo wangu. Ndiyo maana nakuandikia sasa, usije ukashtukizwa mbele ya watu kama nilivyoshtukizwa mimi, ukasema neno kwa sababu ya macho ya wengine. Soma hii peke yako. Fikiri. Una haki ya kusema ndiyo. Una haki ya kusema kwamba umechelewa kuulizwa, kwamba kwenu ni Samuye na hapa ni njiani tu. Hata ukisema huelewi tunachokuomba, nimeshajifunza kwamba hilo nalo ni jibu. Usiseme ndiyo kwa kunionea huruma. Nimekwisha kuchukua mengi kwako, sitaki na hilo.

Masanja ameapa kwamba kesho hatakubebea sanduku lako. Sawa. Kutoka hapa hadi barabarani nitalibeba mimi, kichwani, uwe umesema ndiyo au umesema hapana. Usinipokonye njiani.

Mama yako,
Kalekwa